Binti mfalme aliyechagua kufa

Tunapokwenda kufariji wenyi kufiwa, twasema: «Marehemu anaishi.» Neno hilo ni kweli. Lakini wengi wanaolisikia wanafikiri kwamba uzima wa milele ni maisha haya haya ya dunia, yamerefushwa tu bila mwisho. Je, ndicho kitu tunachotumaini sisi wakristu? Tupate kujibu vema, tuangalie leo hadisi moja ya Uingereza, ndiyo hadisi ya Lúthien, binti mfalme wa Waelvi.

Mtunzi wake ni J.R.R. Tolkien, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Oxford. Alizaliwa Bloemfontein, katika Afrika ya Kusini, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza angali mtoto mdogo. Mama yake aliingia katika Eklezia Katolika mwaka 1900, akafa mwaka 1904. Yatima wake wawili wakatunzwa na Padri Francis Morgan, wa shirika la Oratorio katika mji wa Birmingham. Tolkien alishika imani hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1973. Hadisi ya Lúthien alianza kuiandika mwaka 1917, lakini kitabu The Silmarillion, kilicho nayo ndani, kilitolewa na mwanawe Christopher mwaka 1977.

Kwanza tufahamu Waelvi ni nani. Si malaika, si mizimu, wala si pepo wabaya. Ni watu wa kubuniwa, wenyi mwili na roho kama sisi. Hawafi kwa uzee wala kwa ugonjwa. Wanaweza kuuawa ao kufa kwa huzuni, lakini roho zao hazitoki katika ulimwengu huu mpaka uishe. Wanadamu, kinyume chake, wanakufa na kutoka ulimwenguni kabisa, wala hakuna Mwelvi anayejua wanakokwenda.

Basi, mwanadamu mmoja, jina lake Beren, alimwona Lúthien akicheza katika msitu wa baba yake, mfalme Thingol. Wakapendana. Mfalme hakutaka kumwoza binti yake kwa mtu mwenyi kufa. Akadai mahari isiyowezekana: jiwe moja la Silmaril, kutoka katika taji la chuma la Morgoth, adui wa watu wote. Alitaka Beren afie njiani. Tena akamfungia Lúthien katika nyumba iliyojengwa juu ya mti mkubwa, asimfuate. Lakini Lúthien alitoroka, akamwokoa Beren katika kifungo cha adui, wakaingia pamoja kwa Morgoth. Huko aliimba hata yule adui akalala usingizi, na Beren akaling'oa jiwe. Mlangoni mbwa-mwitu alimkata Beren mkono na kuumeza, pamoja na jiwe ndani yake. Baadaye mnyama yule yule alimjeruhi, naye Beren akafa.

Lúthien akafa kwa huzuni. Roho yake ikafika mbele ya Mandos, mwamuzi wa wafu, ikamwimbia mpaka akaona huruma, jambo ambalo halikutokea tena. Akapewa kuchagua mojawapo la mambo mawili: kukaa katika nchi yenyi heri, na kusahau huzuni zake zote, lakini bila Beren, ao kurudi pamoja naye kwa muda, halafu kufa kweli kama wanadamu. Akachagua kufa.

Aliporudi nyumbani, baba yake alifurahi. Lakini Melian, mama yake, alimtazama machoni, akafahamu, akageuka upande. Alijua kwamba hawataonana tena mpaka mwisho wa ulimwengu, wala hata baada yake.

Hadisi hii inatufundisha nini? Katika kitabu hicho, Muumba aliwapa wanadamu kufa kama zawadi. Adui ndiye aliyeitia giza, watu wakaiogopa. Hapa tuwe na akili. Imani yetu inafundisha kwamba mauti iliingia ulimwenguni kwa dhambi. Basi katekista asiifundishe hadisi hii kama katekisimu. Hata hivyo si neno geni kwa Eklezia. Mtakatifu Ambrosio, katika mazishi ya ndugu yake Satiro, alieleza kwamba hapo mwanzo mauti haikuwa ya asili, bali Mungu aliitoa iwe dawa. Kwani kuishi bila mwisho, pasipo neema, kungekuwa mzigo. Papa Benedikto XVI aliyakumbusha mafundisho hayo katika barua yake Spe salvi, mwaka 2007.

Kumbe, kutokufa kwa Waelvi si uzima wa milele. Ni kufungwa ndani ya nyakati, na kuona vitu vyote unavyovipenda vikipita. Lúthien aliona kwamba mapendo yanapita wingi wa siku. Sisi hatutumaini siku nyingi. Twamtumaini Mungu mwenyewe.

Tena tusipite mbio mbele ya Melian. Machozi ya mama si kukosa imani. Yezu Kristu mwenyewe alilia kwenye kaburi la Lazaro. Padri anayewakataza watu kulia hawafariji. Awaache walie, halafu awaambie neno ambalo Lúthien hakuwa nalo: yeye alikwenda asikokujua, lakini sisi twamjua Yule aliyetangulia, akafufuka.

Mwaka 1971 Edith, mke wa Tolkien, alikufa. Mumewe aliagiza jina la Lúthien liandikwe kwenye kaburi lake. Alipozikwa naye pale pale, waliandika Beren. Wote wawili wanangoja ufufuko.