Tabora: Asali Yaondoka kwa Ndoo, Faida Yabaki Kikombeni

TABORA – Ukitaka kujua hali ya biashara ya mji, tazama kinachowekwa mezani saa moja asubuhi. Katika nyumba nyingi za Tabora utakuta chupa ya chai, kopo la sukari na pengine kipande cha tangawizi kilichopondwa. Wiki hii ukurasa huu unakifuata kikombe hicho hadi kilikotoka, kwa kuwa ndani yake mna hesabu inayomfaa mfanyabiashara mdogo na mwekezaji mwenye mtaji wa kiasi.

Mji wa njia panda

Tabora haijaanza leo kunywa vitu vya mbali. Burton na Speke walipofika Kazeh, sehemu ya Tabora ya leo, Novemba 1857, walipokewa na mfanyabiashara wa Kiomani, Snay bin Amir. Burton aliwakuta Waarabu wa hapo wakiishi kwa raha, wakipelekewa bidhaa na starehe kutoka pwani. Mizigo hiyo ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, katika njia ya Bagamoyo hadi Ujiji. Njia nyingine ilipanda kaskazini kwenda Karagwe, nchi ambako buni zilitafunwa kabla watu hawajazoea kuzichemsha.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Wapagazi wakapumzika, lakini tabia ya soko haikubadilika: vitu vinapita Tabora kutoka pande zote. Majani ya chai hulimwa Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara. Sukari hutoka Kilombero, Mtibwa na Kagera. Kahawa ya robusta hutoka Kagera, na ya arabika hutoka milima ya Kigoma. Katika kikombe hicho chote, kitu ambacho Tabora inaweza kukiita chake ni asali.

Chai na kahawa: ushauri kwa mnunuzi

Sehemu kubwa ya chai yetu husindikwa kwa mtindo wa CTC, yaani jani hukatwa, huchanwa na kuviringishwa. Katika mnada wa kila wiki wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956, na katika ule wa Dar es Salaam uliozinduliwa Novemba 2023, majani hupewa madaraja. BP1 ni chembe kubwa kiasi, PF1 ni ndogo zaidi, na vumbi huitwa D1. Kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo rangi inavyotoka upesi. Kwa chai ya maziwa ya familia, PF1 inatosha kabisa.

Mwenye duka akumbuke kwamba majani ya chai hunyonya harufu. Usiyaweke karibu na sabuni, mafuta ya taa wala dagaa wa Kigoma, hata kama nafasi ni ndogo. Nyumbani nako, tangawizi mbichi ikitiwa moja kwa moja katika maziwa huweza kuyakatisha. Ichemshe kwanza katika maji, kisha ongeza maziwa na majani.

Kwa mpenzi wa kahawa chungu, robusta ni kali na nzito, arabika ni laini na yenye harufu zaidi. Nunua buni zilizokaangwa karibuni, twanga za siku mbili tatu tu, na uinywe kwa kashata au tende. Asiyependa chai wala kahawa ana mchaichai, unaoota uani bila gharama. Chemsha majani machache, epua, acha kipoe kidogo, ndipo utie kijiko cha asali. Asali ikichemshwa hupoteza harufu yake. Aidha, mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Asali: hesabu inayosahauliwa

Misitu ya miombo imeifanya Tabora kuwa nchi ya nyuki tangu zamani. Mji una chuo cha ufugaji nyuki, na ushirika wa warina asali ulianza huko mwaka 1962. Pamoja na hayo, asali nyingi huondoka ikiwa ndani ya ndoo na madumu, na faida ya kuipima na kuifunga huenda kwa wengine.

Hapa ndipo mizani inapohitajika. Lita moja ya asali haina uzito wa kilo moja, bali takriban kilo 1.4. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 ina kilo 28 hivi, sawa na chupa 56 za nusu kilo. Mrinaji anayeuza ndoo hiyo kana kwamba ni kilo 20 amemzawadia mnunuzi kilo nane. Katika ndoo kumi, hizo ni kilo 80.

Hata hivyo, mfungashaji asijidanganye kwamba asali itaifukuza sukari mezani. Kilo ya sukari hutoa vijiko vidogo 250 hivi, na kilo ya asali vijiko 140 hivi tu. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipozuia uvunaji wa miwa na bei ya sukari ikapaa, wengi waliitazama asali kwa macho mapya. Lakini uhaba hupita. Mwenye kujenga biashara juu ya uhaba huanguka sukari inaporudi. Asali iuzwe kwa ladha yake na usafi wake, iwe mwenzi wa mchaichai na tangawizi. Kumfunga mteja kifurushi kimoja chenye vitu hivyo vitatu ni wazo linaloweza kujaribiwa kwa mtaji mdogo.

Kabla ya kuweka fedha

Kwanza, pima maji. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka maji katika asali yasizidi asilimia 20. Yakizidi, asali huchacha na vifuniko hufura. Kipimo chake, refraktomita, hutosha mkononi, na kikundi kinaweza kukinunua kwa kuchangiana. Majaribio ya njiti ya kiberiti na glasi ya maji hayathibitishi kitu.

Pili, usiikatae asali iliyoganda. Kuganda peke yake si dalili ya kuchanganywa na sukari. Iweke chupa katika maji ya vuguvugu itayeyuka.

Tatu, nusa moshi. Asali iliyorinwa kwa moto mwingi hubeba harufu hiyo mpaka kikombeni, na mlaji haji mara ya pili.

Nne, fuata taratibu. Ofisi za SIDO hushauri wasindikaji wadogo, na usajili wa chakula kilichofungashwa umekuwa chini ya TBS tangu mwaka 2019.

Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Kwa wasomaji wetu wa Tabora tunaongeza neno moja tu: ukimfuata, nenda na mizani.