Michezo ya Video na Akili za Vijana Wetu

Hapa Gahanga swali moja linarudi kila tukutanapo na wanachama, na safari hii si la mshahara. Wazazi wanauliza: hii michezo ya video inawaharibu watoto wetu akili, au inawanoa? Mmoja analalamika kwamba kijana wake amekuwa mzito darasani. Mwingine anajivuna kuwa wake ndiye fundi wa simu za majirani, na mchezo ndio uliomfundisha.

Gahanga imebadilika. Kando ya barabara ya Nyamata nyumba zimejaa, tangu 2017 tuna uwanja wa kriketi, na vyumba vya michezo navyo vimefuata watu. Kijana hutoa sarafu, hushika vitufe, mpira ukachezwa ndani ya tivi.

Tuanze na wema wake, maana upo. Mwaka 2003 wataalamu wawili wa Marekani, Green na Bavelier, walionyesha kwamba wachezaji wa michezo ya mapambano hukamata kwa macho vitu vingi kwa mara moja kuliko wasiocheza. Mwaka 2022 wenzao wa Vermont walipima karibu watoto 2,000 wa miaka 9 na 10. Waliokuwa wakicheza saa tatu au zaidi kwa siku waliwashinda wasiocheza kabisa katika majaribio ya kumbukumbu na ya kujizuia. Lakini wataalamu hao hao walionya: huenda si mchezo ulionoa akili, huenda wenye akili kali ndio wanaoupenda mchezo.

Wafanyabiashara hawakungoja onyo. Kampuni ya Lumosity iliuza michezo ya kukuza akili kwa maneno matamu, hata mwaka 2016 ikakubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwa kuwadanganya wanunuzi. Tena mwaka 2010, huko Uingereza, watu zaidi ya 11,000 walifanya mazoezi ya namna hiyo kwa majuma sita. Waliendelea vizuri katika mazoezi yenyewe, basi. Kwingine akili ilibaki pale pale. Mchuma chai hatashangaa: vidole vyake ni vyepesi kwenye jani, lakini mpe cherehani, ataanza upya kama sisi wote.

Wazee wetu wana igisoro, mashimo 32 na kete 64, sawa na bao la pwani. Ni mchezo wa hesabu hasa, wala hatujasikia bingwa wake akisamehewa mtihani wa shule. Tofauti ni kwamba mzee mwenzako huchoka akaenda kulala. Mashine haichoki.

Hapo ndipo penye hatari. Shirika la Afya Duniani liliuingiza ulevi wa michezo katika orodha yake ya magonjwa mwaka 2019. Dalili zake: mtu hawezi kujizuia, mchezo unatangulia mambo yote, naye anaendelea ingawa unamdhuru, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Mtoto achezaye Jumamosi si mgonjwa, asipigwe bure. Anayecheza hadi usiku wa manane ndiye wa kutazamwa, kwa sababu masomo ya mchana hukaa kichwani kwa usingizi wa usiku. Asipolala, hata mwalimu hodari anamwaga maji kwenye kikapu.

Nani amwambie azime? Januari 2023 Serikali ya Rwanda iliweka saa za kazi kuwa saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na shule zianze saa mbili na nusu, ili pia wazazi wapate nafasi na watoto wao. Jambo jema sana kwa watu wa ofisi. Kiwandani zamu ni zamu. Mama anaingia jioni, baba ni mlinzi wa usiku, simu imebaki na mtoto wa miaka 14. Kisha tunaambiwa wafanyakazi hawajui kulea!

Kwa hiyo jambo hili tunalipeleka mbele ya waajiri. Ratiba ya zamu ibandikwe mapema, na mume na mke wasipangwe usiku mmoja iwapo wana watoto nyumbani. Katika mkutano ujao kila mjumbe wa tawi aje na ratiba ya kazini kwake, pamoja na hesabu ya nyumba ambazo wazazi wote wawili wako zamu ya usiku.