Punda majeruhi si wako, lakini yuko shambani kwako: ufanye nini?

Leo tunaweka pembeni mbegu na mbolea. Kuna simu ninayopigiwa karibu kila kiangazi, wakati mifugo inatembea mbali kutafuta maji: "Afisa, nimekuta punda kalala pembeni ya shamba langu, ana kidonda kikubwa, simjui mwenyewe. Nimfukuze, nimwache, au nimtibu?"

Jibu langu ni moja siku zote. Punda si wako, ila saa za kwanza ni zako. Ukimfukuza, unamhamishia jirani tatizo, tena likiwa kubwa zaidi. Ukimficha ukamtibu kimyakimya, kesho utaitwa mwizi. Njia ya katikati ipo: mhudumie kama mgeni, na mtangaze kama mali ya mtu.

Hapa Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Lakini hata sheria ukiiweka kando, fikiria kiuchumi. Kwa kaya nyingi punda ndiye pikapu: anabeba maji, kuni, mahindi ya kusaga, hata mbolea unayonunua wewe. Punda akifa, ndoo zinarudi kichwani kwa mama na watoto.

Kabla hujamsogelea

Simama mbali kidogo, mwangalie dakika mbili tatu. Anapumuaje? Anakanyagia miguu yote minne? Damu inachuruzika au inaruka? Punda ni mvumilivu mno, haonyeshi maumivu kama ng'ombe au mbuzi. Akionekana "katulia tu", kichwa chini, masikio yamelegea, usidhani anapumzika. Mara nyingi anaumwa sana.

Angalia pia tabia yake. Ana majeraha ya kung'atwa, anatoa udenda, anashindwa kumeza, anashambulia watu au vitu? Hapo ogopa kichaa cha mbwa. Usimguse, usimtie mkono mdomoni, na waite wataalamu. Kama umeshang'atwa au udenda umeingia kwenye mchubuko, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo upate chanjo.

Kama yuko salama kushikwa, msogelee kwa ubavuni karibu na bega, ukiongea naye polepole. Usipite nyuma yake. Ondoa kundi la watoto na mbwa.

Saa ya kwanza

1. Damu inayotoka kwa nguvu: chukua kitambaa safi au khanga, kandamiza moja kwa moja juu ya jeraha dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Ikilowa, ongeza kitambaa kingine juu.

2. Kidonda kichafu: chemsha maji, yapoe, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita. Mwagia taratibu mpaka udongo utoke. Basi. Oili chafu ya gari, maji ya betri, majivu, unga wa dawa ya mazao: vyote hivyo nimevikuta kwenye vidonda vya punda, na vyote vinaunguza nyama iliyokuwa bado hai.

3. Kitu kilichozama, kama mti au kipande cha seng'enge: usikichomoe kama kimeingia ndani, hasa kifuani, tumboni au kwenye kiungo. Msubiri daktari wa mifugo.

4. Mguu uliovunjika au mnyama asiyeweza kusimama: usimburute. Mwekee kivuli na maji hapohapo alipo.

5. Vipimo: daktari akipokea simu atakuuliza. Punda mkubwa aliyetulia ana joto la 36.5 mpaka 37.8, mapigo ya moyo 36 mpaka 52 kwa dakika, na anapumua mara 12 mpaka 28. Mapigo utayapata kwa vidole viwili chini ya taya. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili.

Taarifa itolewe siku hiyohiyo

Piga picha kabla hujaosha kidonda: mnyama mzima pande zote mbili, jeraha lenyewe, na alama yoyote, iwe hereni, chapa au mkato wa sikio. Kisha toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, na kwa afisa mifugo wa kata. Omba waandike kwenye daftari lao tarehe, mahali na hali uliyomkuta nayo. Kama kagongwa na gari au unahisi ameibwa, nenda na polisi.

Kuna kijana ninayemhudumia, anafuga kuku wa nyama. Alikuta punda jike kanasa kwenye seng'enge ya uzio wake, paja limechanika. Alifanya yote niliyoandika hapa. Siku ya nne akaja bibi mmoja kutoka kijiji cha pili, na neno lake la kwanza halikuwa asante. "Mwanangu, punda wangu huyu umemtoa wapi?" Alikuja na wajukuu wawili wenye fimbo. Kilichomwokoa kijana si maneno, ni picha za simu na daftari la mtendaji. Walipoonyeshwa, bibi alikaa chini na mazungumzo yakabadilika.

Msimlaumu bibi. Wizi wa punda ni jambo la kweli. Biashara ya ngozi za punda kwenda China imeacha kaya nyingi Afrika bila mnyama wa kazi, mpaka Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana Addis Ababa kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mtu aliyepoteza punda anaanza na wasiwasi.

Vinavyomuua akiwa mikononi mwako

Hapa wafugaji wa kibiashara mnisikilize vizuri, maana stoo zenu zina sumu ambazo mwanakijiji wa kawaida hana.

*Chakula cha kuku.* Vyakula vingi vya kuku wa nyama huwekwa dawa za kuzuia kuhara damu, kama monensini au salinomisini. Kuku hapati shida. Punda na farasi, kiasi kidogo tu kinaharibu misuli ya moyo na kuua. Usimpe hata mabaki, na asifike kwenye stoo.

*Dawa ya kuogeshea ng'ombe.* Usimnyunyizie dawa ya kupe yenye amitrazi. Kwa punda na farasi inasimamisha utumbo, chakula kinaziba ndani. Soma lebo kabla hujafungua kifuniko. Na kwa ujumla, sindano ya ng'ombe isihamishiwe kwa punda bila daktari kusema.

*Njaa.* Punda anayeacha kula kwa sababu ya maumivu au hofu, mwili wake huanza kuyeyusha mafuta na kuyamwaga kwenye damu. Ini na figo vinashindwa, anakufa wakati kidonda chenyewe kinaendelea kupona. Mpe majani makavu safi na maji muda wote, na uangalie kama kweli anatafuna. Asipokula kwa siku moja, piga simu tena. Kama alikuja na mwenzake, usiwatenganishe. Punda wana urafiki wa kudumu, na kutenganishwa peke yake kunatosha kumfanya asuse chakula.

*Pepopunda.* Jina lenyewe linakwambia. Farasi na punda ni kati ya wanyama wanaoshambuliwa kirahisi zaidi na ugonjwa huu. Kidonda kidogo chenye tundu refu, kama cha msumari, ni hatari kuliko mchaniko mpana. Mwambie daktari waziwazi: "Naomba kinga ya pepopunda." Ukiona shingo na miguu imekakamaa, taya halifunguki, mkia umeinuka, mmeshachelewa sana. Na wewe mwenye mikono yenye michubuko, uliza chanjo yako mwenyewe.

Hela na mwisho wa wajibu

Amua mapema unaweza kutoa kiasi gani, na uliseme hilo mbele ya mtendaji. Tunza risiti zote. Mwenyewe akija, kaeni ofisini kwa mtendaji, mhesabiane, muandikishane, ndipo mnyama aondoke. Kumzuia punda nyumbani kwako kama rehani kunaleta ugomvi. Yule bibi hakuwa na hela, akalipa kwa kusombewa mbolea wiki mbili punda alipopona, na iliandikwa.

Asipojitokeza mtu, bado huyo punda hajawa wako. Usimuuze, usimpe mtu "amalizie", na usimfanyishe kazi. Hatma yake iamuliwe na kijiji kwa maandishi, na kama ni wewe utakayeachiwa, karatasi iseme hivyo.

Kuna wakati pia tiba haipo. Mfupa mkubwa wa mguu ukivunjika kwa punda mzima, mara nyingi haungi. Hapo huruma ni kumwita daktari ammalizie mateso haraka kwa njia sahihi, si kumwacha juani siku tatu tukisema Mungu anajua. Uamuzi huo usiufanye peke yako. Daktari aandike, mtendaji ashuhudie. Kama amechomwa dawa, nyama isiliwe, mzoga ufukiwe kwa kina mbali na kisima.

Wiki hii fanya kitu kimoja: hifadhi kwenye simu namba ya afisa mifugo wa kata yako na ya mtendaji. Halafu zungukia uzio wako, kata seng'enge zilizolegea na kuning'inia. Wengi wa punda ninaoitwa kuwaona wameumia hapo.

Kazi njema.