Chambo na Samaki: Je, Mji Utoe Pesa Zake Kwanza?

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Swali ni hili, msomaji mpendwa: ainame mpaka wapi? Mji kama huu wetu wa Ogembo ukitaka pesa kutoka Nairobi, je, utangulize zake?

Jambo hili si geni kwetu. Baada ya Mzee Kenyatta kutoa wito wa Harambee mwaka 1963, wazazi walichanga wakajenga madarasa, ndipo wakaiomba serikali walimu. Hesabu yao ilikuwa rahisi: serikali ikiona kuta zimesimama, itaona haya kuziacha tupu. Shule nyingi za upili nchini zilianza hivyo. Lakini pale ambapo walimu hawakuletwa, mzazi yule yule aliyenunua mabati alibaki kuwalipa walimu pia.

Siku hizi mambo yamebadilika sura tu. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 300 kwa mpango wa kusaidia miji ya Kenya, uitwao KUSP. Ili manispaa ipate fungu lake, kaunti ilitakiwa kwanza kuipa hati, kuiundia bodi na kuiandalia mpango wa maendeleo. Haya yote yanakula pesa. Vikao vina gharama, na wapimaji ardhi hawafanyi kazi bure. Shilingi hizo hizo zingenunua dawa za zahanati.

Basi tuache? La hasha! Hebu tutofautishe chambo na chambo. Mpango wa mji unafaa hata samaki asipokuja, kwani unaonyesha mtaro upite wapi na soko likae wapi. Lakini jengo likijengwa kwa sababu tu mfadhili analitaka, siku ya ufunguzi tutapiga makofi, kisha nani atalipa mlinzi, maji na stima? Mfadhili hujenga mara moja, mji hutunza kila mwaka.

Kwa hivyo kabla ya kutoa senti, tuulize matatu. Je, kitu hiki tungekitaka hata bila wa kutuongezea? Pesa zetu zinatolewa katika fungu gani? Nani atakitunza?

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya pesa za umma. Wazazi wetu wakiitwa kwenye mkutano wa bajeti, waende wakaulize, maana chambo ni chao.