Daraja Ambalo Halikujengwa na Mtu

Sisi tuliozaliwa katika nchi za Embu na Meru huijua mito kabla ya kujua kusoma. Mlima Kenya, wenye kimo cha futi 17,057, hutuletea maji kwa njia nyingi: Rupingazi, Ena, Thuci, Nithi, Mutonga na Kathita, na yote hatimaye huingia katika mto mkubwa wa Tana. Mito hiyo imechimba mabonde yenye kina, na zamani kila bonde lilikuwa kama ukuta. Mtu wa Embu aliyetaka kumwamkia rafiki yake wa Chuka aliweza kuuona moshi wa nyumba yake ng'ambo ya Thuci, lakini kumfikia kulikuwa kazi kubwa: kushuka, kutafuta kivuko, kungoja maji yapungue, kisha kupanda tena. Daraja lilikuwa magogo yaliyolazwa juu ya maji, na mvua kubwa iliponyesha, magogo yalichukuliwa.

Kwa hiyo, msomaji, usishangae kwamba nilipopata likizo nilifunga safari hadi nchi ya Wanyakyusa, kusini mwa Tanzania, ili nitazame daraja la mawe ambalo hakuna fundi aliyelijenga. Liko katika Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya, si mbali na mji wa Tukuyu. Msafiri huiacha barabara kuu ya lami na kushika njia ya udongo, akipita katika mashamba ya migomba, mpaka ausikie mto Kiwira ukinguruma. Hapo ataona jiwe moja kubwa limetanda toka ukingo huu hata ukingo wa pili, majani yameota juu yake, na maji yapita chini yake. Watu huliita Daraja la Mungu.

Nilisogea mbele ili nione vizuri. Mzee mmoja aliyekuwa ametuongoza akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, Mungu alijenga daraja, lakini macho amekuachia wewe." Nilirudi nyuma kwa haya, nami nimeyakumbuka maneno hayo mara nyingi tangu siku ile.

Yafaa tueleze daraja kama hilo hutokeaje. Mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu futi 9,700, ni mlima uliotoka motoni, kama ulivyo Mlima Kenya wetu. Zamani za kale mawe yaliyoyeyuka yalitiririka kutoka milima ya nchi ile na kuyajaza mabonde. Mawe hayo yalipopoa yakawa magumu, lakini si kwa kiasi kimoja: tabaka moja ni gumu kama chuma, na jingine ni laini. Mto uliozibiwa njia haukai kimya. Hutafuta ufa, hupenya, hula sehemu iliyo laini, na mwishowe hupita chini na kuliacha lile gumu limesimama juu kama tao. Kazi hiyo haikuwa ya siku moja wala ya maisha ya mtu mmoja. Mto huo huo umefanya kazi ya namna hiyo mahali pengine karibu na hapo, paitwapo Kijungu, ambapo maji huingia katika shimo la mwamba lililo kama chungu na kutokea upande wa chini.

Huenda mtu akauliza: Ikiwa milima yetu pia ilitoka motoni, mbona mito yetu mingi imechimba magenge tu? Jibu ni kwamba kwa kawaida maji hukata toka juu kwenda chini, kama msumeno ukatavyo ubao. Ndivyo ulivyofanya mto Nithi, utokao katika bonde la magenge lenye ziwa Michaelson, juu kabisa mlimani. Ili tao lipatikane, ni lazima jiwe gumu liwe juu, na maji yapate mlango chini yake. Mambo hayo mawili hayakutani mara nyingi, ndiyo sababu matao kama hayo ni machache duniani. Liko moja mashuhuri huko Virginia, Marekani, lenye kimo cha kadiri ya futi 200 juu ya kijito.

Lakini mtu asidhani kwamba jiwe ni la milele. Katika kisiwa cha Gozo, nchi ya Malta, palikuwa na tao la mwamba kando ya bahari, ambalo wageni wengi walikwenda kulitazama. Tarehe 8 Machi 2017, wakati wa dhoruba, lilianguka lote baharini. Maji yaliyolichonga ndiyo yaliyoliangusha. Ikiwa jiwe laanguka kwa nguvu za maji peke yake, itakuwaje sisi tukiongeza nyundo zetu, tukichimba mawe kando yake na kufyeka miti iliyoshika udongo wa kingo?

Nasi tuna madaraja yetu ya kutunza. Barabara ya Embu kwenda Meru huvuka mito ile ile iliyowazuia wazee wetu, na safari iliyowachosha wao siku nzima, sasa twaimaliza kwa saa chache. Hiyo ni neema kubwa. Hata hivyo, penye daraja la Nithi barabara huteremka kwa kasi, na tarehe 24 Julai 2022 basi liliruka likaanguka bondeni, wakafa watu zaidi ya 30. Daraja lilikuwapo siku ile. Bonde nalo lilikuwapo, lenye kina kile kile kilichowatisha wazee. Wao walishuka polepole kwa sababu walijua mto hauna mzaha. Sisi tumepewa lami na saruji, tukasahau kuogopa.

Basi, ndugu msomaji, ukipata nafasi nenda ukalitazame Daraja la Mungu, umwonyeshe na mwanao. Usichore jina lako juu ya jiwe, wala usilibanje kipande cha kwenda nacho nyumbani. Na utakaporudi, ukifika penye mteremko wa Nithi, nawe ni dereva, punguza mwendo. Na kama u abiria, usione haya kumwambia dereva apunguze. Daraja tumepewa, macho ni yetu.