Kujenga Upya Soko la Kale: Fundisho la Kariakoo kwa Watu wa Mbooni

Siku ya soko huko Kikima, Tawa au Mbumbuni, mtu aliyeleta maembe au mboga hupata bei, hupata habari, na hulipa madeni yake. Kwa hiyo yanapotokea maneno kwamba soko la kale litajengwa upya, wenye meza huingiwa na furaha na hofu pamoja. Hufurahi kwa ajili ya paa na maji, huogopa kwa kuwa kila mmoja hujiuliza, "Je, meza yangu nitairudia?" Yafaa jambo hili lielezwe.

Tutazame soko la Kariakoo, mjini Dar es Salaam. Jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya 1914-1918, ambacho kiliwachukua vijana wengi wa Ukambani pia. Ndilo jina lile lile la Kariokor ya Nairobi, ambako vyondo vya Ukambani huuzwa. Jengo kubwa la Kariakoo lilichorwa na Bwana Beda Amuli, Mtanzania, likafunguliwa mwaka wa 1975. Paa lake limefanywa kama miavuli mikubwa ikingayo maji ya mvua na kuyapeleka katika matangi yaliyo chini.

Moto ulilipata soko hilo tarehe 10 Julai 2021. Serikali ya Tanzania ilitoa shilingi za huko zipatazo bilioni 28 ili jengo la kale litengenezwe na jingine lijengwe kando yake. Wafanyabiashara walihamishiwa mahali pengine. Kuta zilitengenezeka kwa fedha na saruji. Lililokuwa gumu ni orodha ya watu. Mwaka wa 2024, majina ya watakaorudi yalipotangazwa, baadhi ya wafanyabiashara hawakuyaona majina yao, wakapeleka malalamiko.

Katika Kenya, Katiba ya mwaka wa 2010 iliyaweka masoko chini ya Serikali za Kaunti. Huko Makueni, tangu kaunti zilipoanza mwaka wa 2013, umewekwa utaratibu wa mikutano inayoanzia vijijini, na kamati za wananchi za kuikagua kazi kabla mjenzi hajalipwa. Utaratibu huo ndio mlango wa wenye soko kuingia katika shauri.

Basi mambo matatu yafanywe kabla jiwe moja halijaondolewa. Kwanza, majina ya wenye meza yaandikwe, yasomwe hadharani, na nakala iwekwe kwa Serikali na kwa kamati ya wafanyabiashara. Pili, mahali pa kuuzia kwa muda pakubaliwe, penye maji, choo na njia ya gari. Maana wanunuzi wakipotea, huchukua muda kurudi. Tatu, ushuru wa meza mpya utajwe mapema, ili asiwepo atakayerudishiwa nafasi yake kisha akashindwa kuilipia.

Na kwa kuwa Ukambani ni nchi ya mvua chache, wananchi waombe paa likinge maji kama lile la Kariakoo.

Tangazo la mkutano likibandikwa, mwenye meza asimtume mtoto. Aende mwenyewe, na risiti zake za ushuru mkononi.