Betri Yako Haijaishiwa Asidi

"Nitie asidi ya ukali gani ili betri ifufuke?" Swali hili huletwa kwangu na dereva wa teksi, mwenye saluni anayewasha taa kwa sola, kijana wa boda boda, hata watu waliosoma kemia hadi kidato cha sita. Wengine hufika na chupa mkononi, wameshainunua Kisekka au Katwe hapa Kampala, na wanachongoja ni mimi niseme sawa. Jibu langu ni fupi: usitie. Kwa kuwa jibu fupi halijamzuia mtu, leo nitalieleza hadi mwisho.

Asidi salfuriki ni ile ile, iwe ndani ya betri ya gari au ndani ya dawa ya kuzibulia mabomba. Kinachotofautiana ni maji. Betri nzima iliyojaa chaji huwa na asidi ya karibu asilimia 37 kwa uzito, na haidromita (kipimo cha uzito wa asidi ukilinganishwa na maji) husoma 1.28. Dawa za kuzibua mabomba zilizotengenezwa kwa asidi hii hufika asilimia 93 hadi 98, na usomaji wake hukaribia 1.84. Watu huona 37 na 98 wakadhani ya pili imezidi mara mbili na nusu tu. Hesabu molekuli. Ndani ya betri, kila molekuli moja ya asidi ina tisa hivi za maji. Ndani ya chupa ya asilimia 98 mambo yamepinduka: kila molekuli moja ya maji ina tisa za asidi. Asidi iliyonyimwa maji kiasi hicho huyanyang'anya popote inapoyakuta, kwenye sukari, mbao, pamba au ngozi, na papo hapo hutoa joto la kuunguza. Karatasi ya litimasi haiwezi kukuonyesha tofauti hii, maana zote mbili huigeuza nyekundu.

Hiyo ya betri nayo isidharauliwe. Ikirukia suruali, maji hukauka lakini asidi hubaki kwenye nyuzi. Ukipiga pasi huzidi kukolea, na tundu unaliona siku ya kufua. Ikirukia jicho, huna muda wa kungoja siku ya kufua.

Sasa imani yenyewe. Inasema betri hudhoofika kwa sababu asidi yake imekwisha au imechakaa, kwa hiyo ukimwaga ya zamani na kutia mpya, au ukiongeza kidogo iliyo kali zaidi, betri hurudia ujana. Fundi anachovya haidromita, inasoma 1.15, anatikisa kichwa, anamimina, anapima tena, inasoma 1.26, mteja analipa.

Asidi haikuwa imeenda popote. Betri inapotoa umeme, salfeti iliyokuwa kwenye asidi huhamia kwenye mabamba ya risasi na kukaa hapo kama salfeti ya risasi, na kilichobaki kwenye seli ni maji mengi kuliko mwanzo. Ndiyo maana usomaji hushuka hadi 1.12 hivi chaji ikiisha kabisa. Ukiichaji, salfeti hiyo hiyo hutoka kwenye mabamba na kuwa asidi tena. Kwa hiyo 1.15 inakwambia kwamba betri inataka umeme. Kumimina asidi ili namba ipande ni kutumbukiza kipimajoto cha mgonjwa kwenye maji baridi kisha kutangaza kwamba homa imeshuka.

Kinachopungua kweli ni maji. Wakati wa kuchaji mengine hugawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni, mengine huvukizwa na joto la injini. Asidi haivukizwi na joto hilo. Kila unapojaza asidi mahali palipopungua maji, unaikoleza betri, na ukirudia mwezi ujao unaikoleza tena.

Najua mtakachosema: "Lakini mimi nilitia na gari likawaka." Liliwaka, ndiyo. Volti za seli iliyotulia hufuata ukolevu wa asidi: chukua usomaji wa haidromita, ongeza 0.84, unapata volti za seli moja. Seli ya 1.26 hutoa 2.10, na seli sita hutoa 12.6. Ukiikoleza hadi 1.30, betri itaonyesha zaidi ya 12.8. Taa zitang'aa kwa siku chache na fundi atasifiwa. Akiba ya umeme haijaongezeka hata chembe, kwa kuwa akiba hiyo imo kwenye mabamba, nayo bado yamefunikwa na salfeti. Tena salfeti ya risasi huyeyuka kwa shida zaidi kadiri asidi hiyo inavyokolea. Ukiiacha wiki nyingi bila chaji, fuwele zake hukua na kuwa ngumu, na asidi uliyoongeza huzidi kuzifungia pale pale. Wakati huo huo asidi iliyokolea inakula kimia cha risasi kilicho ndani ya mabamba. Dawa mliyolipia ndiyo inayoua mgonjwa, kisha lawama anatupiwa aliyetengeneza betri.

Nchi zenye majira ya baridi hufika 1.28 kwa sababu asidi nyepesi huganda na injini baridi hudai nguvu nyingi asubuhi. Kampala haigandi. Katika nchi za joto, 1.24 hadi 1.26 kwa betri iliyojaa hutosha, na betri hudumu zaidi.

Wenye sola wana mtego wao. Asidi ni nzito kuliko maji, hivyo katika betri ambayo haichajiwi hadi kujaa hutuama chini, wakati haidromita hunyonya ya juu tu. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, paneli hazijazi betri vizuri. Usomaji unakuwa mdogo na watu wanakimbilia chupa. Chaji ndefu inayotoa mapovu ingeichanganya asidi yenyewe.

Na ile asidi ya zamani humwagwa wapi? Mtaroni. Ina risasi ndani yake. Mitaro ya katikati ya mji huishia mfereji wa Nakivubo, na Nakivubo huishia Ziwa Viktoria, ambako mji huu huchota maji ya kunywa.

Kuna jambo lingine linalonikera kuliko betri zilizokufa. Mwaka 2003 palianzishwa hapa Kampala shirika la Acid Survivors Foundation Uganda, kwa ajili ya watu waliomwagiwa asidi. Asidi iliyowaunguza nyuso haikuhitaji kuibwa maabara. Mara nyingi huwa ni hii ya betri, inayopimwa rejareja kwenye chupa za maji ya kunywa zisizo na lebo. Biashara hiyo ya rejareja inasimama juu ya imani ninayoibomoa hapa. Mwenye gari hana haja ya asidi. Gereji ikiacha kumuuzia, hapotezi kitu.

Cha kufanya basi. Chaji kwanza, polepole, usiku kucha au zaidi, mahali penye hewa na mbali na moto, kwa sababu hidrojeni hulipuka. Iache itulie saa kadhaa, kisha pima: 12.6 ni nzuri, 12.0 chaji haikuingia au haikai, chini ya 10.5 kuna seli iliyokufa, nunua nyingine. Maji yakipungua ongeza yaliyokenekwa, si ya bomba wala ya chupa ya kunywa, na uyafikishe kwenye alama baada ya kuchaji. Kabla ya kuchaji yafunike mabamba tu. Asidi inaongezwa katika hali moja, betri ikipinduka na kumwagika, na iwe iliyokwisha kuchanganywa kwa kiwango cha betri hiyo. Usiizimue ile ya asilimia 98 nyumbani. Betri iliyokufa irudishe dukani au uiuze kwa mnunuzi wa vyuma anayeipeleka kiwandani. Usiyeyushe risasi uani penye watoto. Sinki likiziba anza na pampu ya mpira na waya. Ukilazimika kutumia dawa, tumia moja tu, maana asidi juu ya magadi makali huchemka na kuruka usoni, na asidi juu ya jiki hutoa gesi ya klorini. Asidi ikikurukia, vua nguo na utiririshe maji dakika 20 bila kukatiza, jicho zaidi ya hapo, kisha hospitali. Usipake yai, maziwa wala dawa ya meno.